Divai ya Pamba ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwahi kumpa mtu kinywaji bila kukionja kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho ya mnywaji. Hata maji ya kisimani. Ungefika kwake umechoka, ulimi umekauka, ukaomba maji, naye angechota, angeinua kata mpaka mdomoni mwake, angemeza, angekutazama, ndipo akupe. Desturi hiyo haikuwa yake peke yake. Watu wote wa upande wa Kabambare walikuwa nayo: anayetoa kinywaji huonja kwanza, ili anayekinywa ajue hakuna kitu ndani. Lakini wengine walionja kwa haraka, kugusa mdomo tu na kupitisha. Yeye alimeza, na kimya cha nyumba ile kilikuwa kikubwa hata ulisikia koo lake likimeza.

Alizaliwa wapi na ni mwana wa nani, sitasema. Hayo waulizeni watu wa ukoo wake, wanapenda sana kuulizwa. Mimi nilimjua kama mkamwana anavyomjua mama mkwe, yaani kwa jiko, kwa shamba, na kwa hofu. Nilitoka Kasongo mjini, mtoto wa nyumba ya sala. Baba yangu aliuza chumvi na vitambaa, na mume wangu alikuja sokoni na mchele, akaniona nimekaa nyuma ya vitambaa. Alisilimu ili anioe. Baba alikuwa akisema kwamba kijana yule alisilimu mwili mzima isipokuwa koo, na kwa kweli baba hakukosea.

Siku yangu ya kwanza jikoni kwake nilipokea bakuli kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umejaa unga. Alinichapa vidole kwa mwiko.

"Mukamwana," alisema, "huku kwetu mukono wa kushoto hauna kazi na chakula. Kwenu Kasongo wanakula nayo?"

Mimi niliyefundishwa jambo hilo hilo na bibi yangu kabla sijaota meno ya ukubwani! Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Baadaye nilikuja kujua kwamba hata watoto wadogo waliopita njiani aliwakemea kwa kosa hilo. Mtu anayekula kwa mkono wa kushoto, alisema, ni mtu ambaye nyumba yake imekwisha.

Alikuwa na rozari shingoni na hakukosa misa padri alipopita kijijini, lakini kuku wake wote aliwapa majina ya Wazungu. Kulikuwa na jogoo aliyeitwa Agronomu, kama yule Mzungu aliyesimamia pamba yetu, kulikuwa na tetea aliyeitwa Masista, na kulikuwa na mmoja mwembamba, mwenye shingo isiyo na manyoya, aliyeitwa Bwana Mkubwa. Siku ya sikukuu alitoka uani na kisu akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo tunakula Agronomu." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Alikinoa kisu kwenye jiwe, akaenda kumtafuta.

Chumvi alininyima hata mimi niliyeileta kutoka kwa baba. Divai aliigawa.

Sasa lazima niseme habari ya pamba, maana bila pamba huwezi kumwelewa. Miaka ile Wazungu walikuwa wakipigana vita vyao huko mbali, na pamba ilikuwa ya lazima. Kila mwanamume aliyeoa alipimiwa shamba lake kwa kamba, na shamba lilibeba jina lake. Kulima tulilima sisi wanawake, na kuvuna tulivuna sisi. Lakini kikapu kikipungua siku ya soko la pamba, aliyelazwa chini na kuchapwa kiboko ni mwanamume. Kwa hiyo kila mke aliyekuwa akipalilia alikuwa akipalilia mgongo wa mume wake, na mimi nilipalilia wa kwangu kwa bidii. Nilimpenda sana. Jambo hilo sioni haya kulisema.

Aliyetembea mashambani kutazama nani kapalilia na nani hakupalilia alikuwa kapita. Alikuwa mtu wetu, mweusi kama sisi, mwenye kofia na fimbo, na maneno yake ndiyo yaliyofika kwa agronomu, Mzungu wa pamba. Kapita akisema mvivu, wewe ni mvivu.

Katikati ya pamba hiyo mama mkwe wangu alitengeneza divai. Sijamwona mwingine aliyefanya hivyo, wala kabla wala baadaye. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa jeupe kama maziwa. Jua likizama ua linaanza kuwa jekundu pembeni, kesho yake limekuwa la waridi lote, kisha linanyauka na kuanguka lenyewe. Chini yake kinabaki kitumba kidogo cha kijani, na hicho ndicho kitakachokuwa pamba. Ukilichuma jekundu, mti haujui kama umechumwa. Ukilichuma jeupe, umechuma na pamba yake.

"Ua mweupe iko ya Bulamatari," alinifundisha, maana hivyo ndivyo tulivyoiita serikali. "Ua mwekundu iko yangu. Usichanganye, mukamwana. Ukichanganya, ni mume wako atalala chini."

Alipita kati ya mistari na kikapu, akiokota yaliyoanguka na kuvuta kwa vidole viwili yale yaliyokuwa karibu kuanguka. Nyumbani aliyatandaza kwenye ungo, kivulini, mpaka yakawa laini. Alitwanga muwa, akakamua maji yake, akatia asali, akayamwaga yote juu ya maua kwenye mtungi. Mwisho alitia machicha kidogo ya malafu, pombe ya mchikichi, ili ipate kuchachuka. Alifunika kwa jani la mgomba, akafunga, akauweka mtungi pembeni nyuma ya magunia ya mpunga. Toka hapo kila asubuhi, kabla ya kusali na kabla ya kufagia, aliinama akaweka sikio lake kwenye mtungi.

"Bado inasema," alituambia.

Mimi nami niliweka sikio, kwa udadisi. Ni kweli ilisema. Ilikuwa na sauti ndogo ya watu wanaonong'ona chumba cha pili. Siku sauti ilipokwisha, alifungua, akachuja kwa kitambaa, na ikatoka nyekundu ya kupauka, safi, yenye harufu ya asali na ya kitu kingine nisichokijua jina. Sikuionja. Mtoto wa nyumba ya sala haonji, na yeye hakunilazimisha hata siku moja, jambo ambalo ninamshukuru mpaka leo. Wengine walisema ni tamu na inaingia miguuni kabla ya kuingia kichwani.

Alikuwa na msemo wake: "Mutungi yenye kusema, usiogope. Ogopa ile imenyamaza." Tulidhani ni habari ya divai tu.

Mume wangu alikuwa na kaka yake mkubwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda kusuka mitego ya samaki, asiyejua kujitetea kwa maneno. Mwaka wangu wa kwanza pale alipata homa wakati wa palizi. Alilala ndani akitetemeka, mke wake akakaa kumwuguza, na majani yakaota shambani mwake. Kapita alipita akayaona majani, hakuingia ndani kumwona mgonjwa. Wakaja kumchukua. Walimlaza chini mbele ya ofisi kule Kabambare, na homa yake, na walipomrudisha alibebwa juu ya kitanda cha kamba. Alikufa kabla pamba haijafunguka.

Mama mkwe hakupiga kelele. Wanawake wa kijiji walilia mpaka sauti zikawakauka, wakamtazama, wakangoja aanze naye. Alikaa chini karibu na mwanawe, akamfukuza nzi.

Kapita alikuja matangani. Labda alitumwa, labda aliona itakuwa aibu asipokuja. Alisimama uani na kofia yake mkononi. Mama mkwe aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha divai. Nasema kweli, sisi wote tulijua, au tulidhani tunajua, kitakachotokea. Mwanamke mmoja kando yangu alinishika mkono akaubana. Mama mkwe alikiinua kibuyu, akanywa, akameza, tukasikia akimeza. Akamtazama kapita. Akampa.

Kapita alikunywa. Alikunywa chote, akapangusa mdomo, akasema, "Mama, hii iko divai kabisa."

Hakuna kilichotokea. Hakuumwa hata tumbo.

Toka siku hiyo kapita akawa mgeni wa nyumba yetu. Lazima mjue kwamba divai ya kweli, ile ya chupa, ilikatazwa kwa mtu mweusi. Wazungu waliinywa barazani kwao, na watu wetu waliosimama nyuma yao kuwapepea waliitazama ikipita kwenye bilauri. Kapita alikuwa ameitazama hivyo miaka mingi. Sasa alikuwa na divai yake, nyekundu, ya kunywa akiwa amekaa kitini na miguu mbele. Alikuja kila juma. Mama mkwe alionja, akameza, akampa, na yeye akaacha kutazama majani ya shamba letu. Majirani walituonea wivu. Mimi sikupata usingizi mzuri hata mara moja.

"Mama yako atamuua yule mutu," nilimwambia mume wangu tukiwa shamba la mpunga.

"Mama anaonja," alinijibu. "Mutu anayeonja hawezi kuua, isipokuwa ajiue na yeye."

"Na akitaka kujiua na yeye?"

Alisimamisha jembe. Jambo hilo hakuwa amelifikiria. Kisha akasema kwamba mama yake ana mtoto mmoja aliyebaki na hawezi kumwacha peke yake, na akaendelea kulima. Nilitulia kidogo. Ilikuwa hoja nzuri, na tuliishi juu yake miaka kadhaa.

Katika miaka hiyo kapita alimwuliza mama mkwe mara nyingi jinsi divai inavyotengenezwa. Alitaka kutengeneza mitungi mingi na kuipeleka Lusangi, kwa watu wa machimbo, ambao walikuwa na kiu na hawakuwa na wake. Mama mkwe alikataa kila mara kwa utani. "Ni mukono wangu tu inajua. Ukitaka, ukate mukono uende nayo." Kapita alicheka. Watu walioona macho ya mama mkwe hawakucheka sana.

Halafu ukaja mwaka alioacha kusema na kuku wake.

Nilikuwa nimezoea kumsikia alfajiri akimgombeza Bwana Mkubwa kwa kula mpunga. Msimu ule wa mvua alifungua banda, akawatupia chakula, akarudi ndani. Jikoni aliongea nami kwa kichwa na kwa mkono. Niliukumbuka msemo wake wa mtungi, nikajiambia kwamba uzee umeingia. Pamba ilichanua vizuri sana mwaka ule, mashamba yote meupe asubuhi, watu wakasema mwaka huu hakuna atakayelazwa chini.

Kapita alikuja siku yake ya kawaida. Mama mkwe alitoka na kibuyu, akampa moja kwa moja mkononi.

Niliona. Nilikuwa nikipepeta mchele mlangoni, na ungo ulinisimama mikononi. Hakuonja. Kapita hakujua, kwa sababu alikuwa ameonjewa miaka yote hiyo na hakuwa akitazama tena. Alikunywa. Nilingoja aanguke. Alitoa tu kibuyu mdomoni akatazama ndani.

"Leo iko mweupe," alisema.

Ilikuwa kweli. Divai ile ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea mchele.

"Ile nyekundu ni ya wanawake," mama mkwe alisema, na hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyonena wiki nzima. "Muzungu mukubwa kule Kabambare, kwa meza yake, anakunywa rangi gani?"

Kapita alifikiri. "Mweupe," alisema polepole.

"Ee. Sasa umeijua. Ni ua mweupe ndiyo iko na nguvu. Ua ya asubuhi, jua haijaichoma bado."

Akamweleza yote, mbele yangu, bila kuficha. Muwa, asali, machicha ya malafu, jani la mgomba, sikio. Kila neno lilikuwa la kweli isipokuwa lile la ua. Kapita aliuliza kama maua meupe yakichumwa pamba haitapungua. Akamjibu kwamba pamba inatoa ua jipya kila asubuhi, kila asubuhi, si anaona mwenyewe? Na hilo nalo ni kweli, mpaka mvua ikatike.

Kapita akatangaza. Kila nyumba ilete kikapu cha maua meupe, na juma lijalo kingine. Wakulima wale walilima pamba toka ujana wao, walijua ua jeupe ni nini. Lakini walifanya kosa la watu waliozoea kutii fimbo. Walisema, aliyeamuru ndiye atakayejibu. Wengine hata walifurahi. Pamba si yetu, kapita si wetu, waache wajuane wenyewe na Mzungu wao. Niliwaona wakichuma huku wakiimba.

Mimi sikuimba. Nilikwenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti kama nilivyofundishwa.

"Mama, ulinifundisha nisichanganye. Ulisema mume wangu ndiye atakayelala chini."

Alikuwa akichambua mboga. Hakuinua uso.

"Kapita amesema," alinijibu. "Chuma."

Jioni mume wangu naye alimwuliza. Alipata maneno hayo hayo. Na kwa kuwa yalitoka kwa mama yake, alichuma. Nilimwona asubuhi kati ya mistari, mikono yake mikubwa ikivuta maua meupe na kuyatia kikapuni, na mama yake amesimama pembeni ya shamba akimtazama. Hofu niliyoipata pale sijaipata tena, hata siku ya uzazi.

Mvua ikakatika. Maua mapya hayakuja. Kiangazi kilipofika, mashamba yalisimama na majani makavu na vitumba vya kuhesabika, na mitungi ya kapita ilikuwa imekwisha kwenda Lusangi.

Agronomu alikuja na askari. Kapita alisema watu ni wavivu. Watu wakasema, kwa sauti moja, kapita aliamuru tuchume maua. Agronomu aliingia nyumbani kwa kapita, akatoka na mtungi mmoja uliobaki, akaunusa. Sijawahi kumwona mtu akibadilika uso namna ile. Kapita alivuliwa kofia. Alilazwa chini mahali pale pale palipotandikwa mkeka wa matanga ya shemeji yangu, nje ya nyumba yetu, kwa kuwa ndipo palipokuwa na uwanja. Alilia mapema. Walimfunga kamba wakamweka kando, na baadaye walimchukua na hakurudi tena.

Watu walianza kutabasamu. Ndipo agronomu akauliza, kupitia kwa askari aliyejua lugha yetu, "Na mikono yenye kuchuma, iko wapi?"

Aliyeamuru alikuwa amejibu. Sasa wakaanza kujibu waliotii, mmoja mmoja, kila mwenye jina la shamba. Mume wangu aliitwa. Alipolala alimtafuta mama yake kwa macho, nami nikamtafuta. Alikuwa amesimama chini ya paa la jiko lake, mikono imefungwa kifuani. Kapita alipochapwa alisimama hivyo. Mwanawe alipochapwa alisimama hivyo hivyo, uso ule ule. Nilimchukia. Nilimchukia hata nikasahau kulia.

Wakampeleka mume wangu buloko, yaani gerezani, kule Kabambare, akavunja mawe ya barabara mpaka mvua zikarudi. Aliporudi kitu kilikuwa kimekatika ndani ya bega lake la kulia. Mkono uliinuka hadi kifuani ukaishia hapo. Hakukaa hata wiki moja. Alifunga mizigo, tukahamia Kasongo kwa baba yangu, na akaanza kuuza chumvi. Mama yake alipomletea chakula cha njiani, alikitazama, akapita. Toka siku hiyo hakula wala kunywa kitu kilichotoka mikononi mwake, na jina lake halikutajwa nyumbani kwetu. Wanangu walikua wakidhani hawana bibi wa upande huo.

Miaka ikapita. Mchuuzi mmoja wa baiskeli alikuja dukani akasema kwamba mama wa Kabambare macho yamekwisha na miguu inavimba, na anamwulizia mwanawe. Mume wangu alipima chumvi ya mteja, akaifunga, akampa. Kisha akaniambia, "Nenda weye. Umwulize neno moja tu. Alijua ama hakujua. Kama hakujua, nitaenda kumuzika."

Nilipanda lori mpaka barabara ilipokubali, nikatembea iliyobaki. Nilimkuta uani amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kuku hakuwapo hata mmoja. Majirani walinisalimia kwa mbali, na mmoja aliniambia chini chini nisinywe kitu pale. Hawakuwa wakipokea tena kinywaji kwake, hata akionja. Nyuma ya nyumba alikuwa amepanda mti mmoja tu wa pamba, na chini yake palifagiliwa safi, ili maua yakianguka apapase na kuyapata.

Alinijua kwa hatua. "Mukamwana," alisema. "Hatua yako imekuwa nzito, umenona. Kasongo inakupenda."

Tukaongea ya watoto. Nikampikia. Nikaipaka mafuta miguu yake, iliyokuwa imevimba na kung'aa. Kisha nikasema, kwa sababu nisingesema wakati ule nisingesema kamwe.

"Mama, anauliza neno moja. Wakati wa ua mweupe, ulijua kama na yeye atalazwa chini?"

Mikono yake ilisugua rozari.

"Nilijua," alisema.

Nikadhani ndiyo mwisho. Lakini akaendelea, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia zamani kunieleza mboga. "Nilijua toka asubuhi ya kwanza. Nilimwangalia akichuma. Nikasema, mukubwa wake alikuwa na homa, huyu hana homa. Huyu iko na nguvu, atapona." Akanielekezea uso wake usioona. "Si amepona?"

Ningeweza kumwambia habari ya bega. Nilikuja na maneno hayo njia nzima, yamenoleka. Nikaitazama miguu yake niliyoipaka mafuta.

"Amepona, Mama," nilisema.

Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akaingia ndani akipapasa ukuta, akatoka na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Akakifungua, akanywa, akameza. Nilisikia koo lake. "Umeona nimeonja," alisema. "Umupelekee. Umwambie umeona kwa macho yako."

Nilifika Kasongo saa ya alasiri. Mume wangu alikuwa amekaa uani, duka limefungwa. Niliweka kibuyu mbele yake.

"Alionja?"

"Alionja. Mbele yangu."

"Na ile neno?"

Nilikuwa nimetembea nalo siku zote hizo na sikuwa nimeamua. "Alisema hakujua," nilimwambia. "Alisema alidhani kapita peke yake ndiye atakayejibu, kama watu wote walivyodhani."

Alinitazama sana. Alichukua kikombe cha bati, akakiweka chini, akainamisha kibuyu. Ilikuwa nyekundu, ile ya maua yaliyoanguka yenyewe. Alikijaza kikombe, na badala ya kunywa, akanisukumia mimi.

"Weye ndiye umeleta," alisema. "Onja kwanza."

Mwadhini alikuwa karibu kuita. Katika nyumba ya baba yangu, mimi ambaye maisha yangu yote sikuwahi kuigusa, nilipokea kikombe kile kwa mikono miwili, nikanywa mpaka nusu, nikameza ili asikie. Kisha nikampa, naye akanywa iliyobaki kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia haukufika tena mdomoni.